Warda Hana Mashoto

Je, umepata kuona mkono wa mtu ukimkana mwenyewe, tena mchana kweupe, mbele ya watu?

Wa Warda ulimkana Jumamosi asubuhi, sokoni Kibiti, upande ule wa stendi ambako mabasi ya Lindi na Mtwara husimama kidogo tu na akina mama wakayakimbilia na masinia ya korosho vichwani. Warda alikuwa amevaa baibui la buluu iliyoiva na mtandio wa rangi ya embe dodo, kikapu cha ukindu begani. Mkononi alishika bakuli la bati, maana alikuja kununua kambamiti na hakupenda wamwagwe kapuni wakamnukia mpaka Jumatatu.

Muuzaji alikuwa kijana mrefu mwenye buti za mpira zilizokaukiwa na tope la mikokoni, jezi iliyopauka, na meno meupe ambayo hakuyafanyia ubahili hata kidogo.

"Nipimie kilo," Warda akasema. "Lakini wakubwa. Usinichanganyie na hao wa chini."

"Dada, wa chini na wa juu ni ndugu hawa. Wamepanda boti moja kutoka Salale."

"Hata mchanga na ufuta huja na gunia moja. Nipimie wakubwa."

Kijana akacheka, akapima, akaongeza wawili wa bure, akamrudishia bakuli. Warda akalipokea kwa mkono wa kulia kama alivyofunzwa. Dole gumba na vidole viwili vinavyolifuata havikuwepo. Yaani vilikuwepo, aliviona kwa macho, ila havikushika. Bakuli likaenda chini kwa kishindo, kambamiti wakatapakaa kwenye vumbi na maganda ya machungwa.

"Loo! Dada, hao wameshakufa, hawana tena pa kukimbilia. Ulikuwa unawafungulia waende wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Uso wa Warda ukawaka moto.

"Nisamehe, kaka. Nitakulipa hao na wengine."

"Hunilipi. Ila utaniambia jina lako."

"Jina langu na kambamiti wako wapi na wapi?"

"Nitajuaje ninamdai nani?"

"Si umesema hunidai?"

"Basi nitajuaje nimemsamehe nani?"

Hapo Warda naye akacheka, akasema jina lake. Kijana akasema lake, Ismaily, akampa simu aandike namba. Warda akaipokea kwa mkono wa kushoto, akabonyeza kwa dole la kushoto.

"Kumbe una mashoto," Ismaily akasema. "Ndiyo maana umewaangusha."

Angeweza kusema kweli palepale. Lakini mtu hujui hata jina lake la pili, unaanzaje kumweleza habari za mkono uliokufa ganzi? Akatabasamu, akasema, "Ndiyo. Tangu nizaliwe." Ulikuwa uongo mdogo, punje ya ufuta. Akaenda nao nyumbani.

Sasa ngoja nikueleze alikofanya kazi, maana bila kukijua chumba kile hutauelewa mkono ule.

Ilikuwa ofisi ya wanunuzi wa ufuta, mwisho wa safu ya maduka. Warda aliketi nyuma ya dirisha la nondo, akiwaingiza wakulima kwenye kompyuta: jina, kijiji, uzito wa mzigo, kisha anampitishia mtu kidau cha wino apige dole gumba. Chumba hicho zamani kilikuwa duka la nguo, na meza yake ilikuwa ile ile kaunta ya kupimia vitambaa, ndefu, iliyotengenezwa kwa mtu aliyesimama. Kiti kilikuwa cha plastiki, kifupi, mguu mmoja umefungwa waya. Hebu fikiri mwenyewe: meza juu, kiti chini. Mabega ya Warda yalipanda mpaka karibu na masikio, na vifundo vya mikono vikalalia ukingo wa kaunta, ukingo wa mbao ngumu usiopigwa randa, kutwa nzima. Kioo cha kompyuta kiliwekwa juu ya boksi ili wakulima nao waone majina yao, kwa hiyo shingo aliinua kama anayetazama nazi mtini. Mausi ilikuwa mbali, pembeni kabisa, mkono ukanyooshwa kuifuata.

Na nyuma yake magunia. Msimu ulikuwa umeiva, ghala limejaa, makuli wakawa wanapanga ufuta mpaka mgongoni pa Warda. Kiti hakikurudi nyuma hata kidogo. Akitaka kutoka, hata kwenda chooni, ilibidi aite makuli wamfungulie njia, nao husonya. Basi akajizoeza kutokunywa maji.

Kwenye kona ya pili, karibu na mlango, palikuwa na kiti kingine. Cha magurudumu, cha kupanda na kushuka, chenye pa kupumzishia viwiko, na bado kimevaa nailoni yake ya dukani. Hicho kilikuwa cha mkubwa kutoka Dar es Salaam. Mkubwa alikuja mara chache, na akija hakukaa. Alijipangusa jasho, akasalimia, akarudi kwenye gari lenye kiyoyozi. Sixtus, msimamizi wa ofisi, mtu wa Songea mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri na woga mwingi wa simu za Dar, alikifuta kiti hicho vumbi kila asubuhi.

Nyumba aliyopanga Warda alipanga pia Kristina, muuguzi. Jioni moja Kristina aliushika mkono ule uani, akaubonyeza kifundoni, Warda akaruka.

"Hapa ndani pana kinjia chembamba," Kristina akasema, "na mshipa wa fahamu unapita humo. Wewe umeukandamiza kwenye ukingo wa meza kutwa. Umebanwa, mdogo wangu. Ndiyo maana vidole vinalala."

"Dawa yake?"

"Nitakupa kifunga mkono cha kuvaa ukilala. Lakini dawa ni kukaa vizuri. Kiti kipande mpaka viwiko vilingane na meza. Kioo kishuke mbele ya macho. Mausi isogee. Na uwe unainuka, unajinyoosha, unatembea. Ukichelewa sana mkono hautarudi kama zamani. Mwambie bosi wako."

"Dada Kristina, umemsahau Elina?"

Elina ndiye aliyekalia kiti kile cha plastiki kabla. Alilalamika mgongo na mikono. Sixtus akamwambia kwa upole, "Nenda kapumzike mama, upone," na aliporudi akakuta mwingine dirishani. Huyo mwingine alikuwa Warda. Kiti alikikuta bado kina vuguvugu la Elina. Na huko Mloka tembo walikuwa wameingia shambani kwa wazazi wake, wamekula mahindi na kukanyaga yaliyobaki, nyumba nzima sasa inamtazama yeye. Kwa hiyo alifunga mdomo, akafunga na mkono, akaenda kazini.

Kitu kimoja tu kilimfungulia dirisha. Ismaily alipiga simu kila adhuhuri, akishafika penye mtandao. Warda aliibana simu kati ya sikio na bega, shingo imelala upande, huku anaandika. Shingo ilimchoma kama kaa la moto, lakini hakuitoa simu.

"Laazizi, mbona sauti inatoka kama umekaliwa?"

"Nimekaliwa na magunia."

"Niyaonee wivu?"

"Yaonee. Yanashinda nami. Weye ni wa simu tu."

"Haya, nipe neno moja tamu niendee nalo majini."

"Kijiji?"

"Salale."

"Si weye! Naongea na mzee hapa dirishani."

"Mwambie mzee asubiri, kuna mtu anapenda huku."

Mzee dirishani, aliyekuwa anasikia yote, akasema, "Mimi wa Bungu, binti. Na mwambie huyo afunge ndoa, foleni ndefu."

Ndoa ikaja kuzungumzwa kweli. Ismaily hakuwa na wazazi. Alilelewa Ikwiriri na shangazi yake, Bi Kijakazi, mwanamke wa dera na bangili, mfanyabiashara wa ufuta, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Kabla ya posa, shangazi alitaka amwone binti. Mloka ni mbali, njia yenyewe mbovu, wakakubaliana wakutane Kibiti kwa Warda, na mama yake, Bi Tatu, akashuka kutoka Mloka na kuku wawili na mchele mpya.

Siku hiyo Warda alivaa gauni la kitenge cha kijani na dhahabu, akajitanda khanga mpya ambayo bado ilinukia dukani. Wali wa nazi uliiva, kambamiti wakakaangwa, mkeka ukatandikwa. Walipokuwa wanangoja chakula Bi Kijakazi akamwambia Bi Tatu, "Mie sipendi kufichwa. Tulimwona binti mmoja kule kwetu, mzuri kama picha, kumbe ana maradhi na kwao wanajua, wamenyamaza. Tuliinuka palepale. Si kwa maradhi, dada. Kwa kufichwa." Warda akayasikia jikoni.

Asubuhi alikuwa amejaribu kulinyanyua birika kwa mkono wa kulia. Liliponyoka, likamwagika sakafuni. Basi ulipofika wakati wa kuwanawisha wageni, akaweka beseni mbele ya Bi Kijakazi, akapiga goti, akashika birika kwa mkono wa kushoto na kummiminia maji. Mkono wa kushoto, mbele ya mkwe mtarajiwa, siku ya kwanza! Bi Tatu akatoa macho. Lakini Bi Kijakazi akatabasamu, maana Ismaily alikuwa amekwisha kumwandaa njiani.

"Usijali, mwanangu. Ismaily kaniambia una mashoto. Ni maumbile. Bi mkubwa, alianza mashoto tangu mtoto?"

"Mashoto?" Bi Tatu akashangaa, tena kwa fahari ya mama. "Mwanangu huyu? Aa, wapi! Warda hana mashoto. Huyu kalima na mkono wa kulia, kasuka mikeka na mkono wa kulia, shuleni kapewa zawadi ya mwandiko kwa mkono huo huo. Nani kawaambia ana mashoto?"

Maji yalikuwa bado yanatiririka. Bi Kijakazi akavuta mikono yake, akaikausha kwenye khanga taratibu, kidole kimoja kimoja. Akamtazama Warda.

"Kwa hiyo umenipa huo kwa kusudi?"

Warda akafungua mdomo. Akamwona Ismaily mlangoni, amesimama, meno yamejificha. Akifungua neno, ataambiwa alificha maradhi. Tena Bi Kijakazi na Sixtus wanajuana kwa biashara ya ufuta, na neno likiingia kwenye kinywa kile litafika ofisini kabla ya Jumatatu. Akafumba mdomo. Bi Kijakazi akainuka, chakula hakikuguswa.

Jumatatu simu ililia adhuhuri kama kawaida. Warda akaibana begani.

"Ulinidanganya, Warda."

"Ismaily..."

"Nilikutetea njia nzima. Nikamwambia shangazi, usimchukulie vibaya, ni maumbile. Kumbe natembea na uongo wako mfukoni. Kwa nini?"

Sixtus alikuwa nyuma ya magunia, anahesabu kwa sauti. Warda akamsikia akifika upande wake.

"Nina kazi," akasema.

"Nakuuliza kwa nini, mama. Niambie chochote. Niambie hata hunitaki."

"Ismaily, nina kazi hapa."

"Haya. Fanya kazi."

Simu ikakatwa. Warda akabaki na simu begani, shingo imekunjwa, kana kwamba kuna mtu bado anaongea.

Baada ya hapo adhuhuri ziliingia na kutoka bila simu. Magunia yaliongezeka. Sasa magoti yake yaligusa kaunta na mgongo ukagusa gunia, na pumzi aliivuta fupi fupi. Mausi alihamishia mkono wa kushoto, wa kulia ukalala mapajani kama wa kuazima. Hakuweza tena kufunga vifungo vya gauni. Kristina alimfungia kila asubuhi.

Siku moja foleni ikafika mbali, na katikati yake likaonekana dera la zambarau. Bi Kijakazi kaleta mzigo wake. Nyuma yake Ismaily, gunia begani, macho kayaweka kila mahali isipokuwa dirishani. Ikafika zamu yao.

"Andika," Bi Kijakazi akasema. "Kijakazi, Ikwiriri. Unanijua. Mie ndiye uliyeninawisha."

Warda akaandika kwa kushoto, herufi moja moja. Sixtus akapita nyuma ya makuli, akasema, "Warda, haraka kidogo, watu ni wengi."

Kikabaki kidau cha wino. Warda akawaza: safari hii nitampa kwa adabu. Akakichukua kwa mkono wa kulia. Akavikaza vidole kwa macho, kwa kuwa kwa kuhisi hakuweza, akakipitisha kwenye nondo. Kikamponyoka, kikapiga ukingo, wino ukamrukia Bi Kijakazi kifuani.

"Sasa wanimwagia na wino! Hebu mtazame mtoto huyu! Nimekufanya nini mimi?"

Watu wakaanza kuguna. Lakini Ismaily hakuguna. Alikitazama kidau kinavyobingirika, na mara akaliona akilini lile bakuli la bati, na kambamiti vumbini. Akashusha gunia.

"Warda. Toka nje tuongee."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Bwana, achana na mfanyakazi wangu," Sixtus akaingilia. "Foleni isonge."

Foleni haikusonga. Warda alimtazama Sixtus, akazitazama nondo, akayatazama magunia. Kisha akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaunyanyua kutoka mapajani, akauweka juu ya kaunta, mbele ya wote, kama mtu anayeweka samaki mezani.

"Siwezi," akasema tena, na sauti yake haikuwa ya kubanwa. "Nyuma yangu magunia, mbele nondo, na mkono huu umekufa ganzi. Shangazi, sina mashoto. Sijapata kuwa nayo. Nilikupa wa kushoto kwa sababu huu wa kulia ungekuangushia birika. Nikaona heri nikukosee adabu kuliko nikuumize. Na sikusema, kwa kuwa uliinuka kwa yule binti mwenye maradhi, na mimi sikutaka uinuke kwangu."

Bi Kijakazi akasogea karibu na nondo. Wino ulimchuruzika, hakuufuta.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Na huyu?" akamwonyesha Ismaily kwa kidevu.

"Hajui."

"Basi umeumwa peke yako kama yatima, na watu tupo! Na mie na mdomo wangu ndio nimekutia kufuli." Akamgeukia Sixtus. "Na weye, baba, kile kiti mlichokivisha nailoni kama maiti kinamngoja nani?"

"Mama, kile ni cha mkubwa."

"Mkubwa yuko wapi?"

Foleni nzima ikageuza shingo kumtafuta mkubwa. Mmoja akachungulia hata chini ya toroli. Vicheko vikapasuka.

Sixtus hakucheka. "Ungeniambia, Warda," akasema polepole.

"Elina alikwambia."

Shati lake lililopigwa pasi likaonekana kumpwaya ghafla. Alisimama, akaangalia kile kiti cha plastiki na waya wake, na pengine ndiyo mara ya kwanza alikiangalia. Akatoa ufunguo mfukoni, akaenda kwenye kona, akaichana nailoni kwa ncha yake. Ilitoa mlio mrefu.

"Kaa hiki," akasema. "Meza nitaikata kesho. Dar wakiuliza, nitawajibu mimi."

"Nitakaa kesho. Leo nataka kutoka."

Ismaily hakungoja makuli. Alikwisha kuingia kwa mlango wa nyuma, anavuta magunia na kuyatupa kando, moja baada ya jingine, ufuta unammwagikia kichwani, mwanga unaingia mgongoni pa Warda kidogo kidogo. Gunia la mwisho lilipoondoka, alisimama pale kwenye upenyo, anatweta, nywele zimejaa punje.

"Kwa nini hukuniambia mimi, laazizi? Mimi ningekunyanyulia hata kijiko."

"Ndiyo maana. Sikutaka mume wa kuninyanyulia kijiko."

"Ulitaka nini?"

Warda akakisukuma kiti nyuma, nacho kikarudi. Akacheka, machozi yakiwa pale pale.

"Nataka maji ya kunywa, glasi nzima."

"Utapata. Na nini?"

"Nataka unipeleke kwa Kristina hospitali, anioneshe kwa daktari, mama yangu aambiwe leo hii."

"Twende. Na nini tena? Sema, Warda, umekwisha kuanza."

Nje, Bi Kijakazi alikuwa anawanyamazisha watu wa foleni kwa kiganja chenye wino. Warda akanyoosha mkono wa kulia, ule ule, vidole vimelegea, akautia kwenye mkono wa Ismaily bila kujua kama umeshikwa mpaka alipotazama.

"Nataka unioe," akasema, "mkono huu upone usipone."